Barua Nne Ndani ya Kopo

Wapendwa, naomba mnifuate mpaka kwenye stesheni moja ndogo ya reli, mojawapo ya zile ambazo treni inasimama dakika tano, watu wananunua karanga dirishani, kisha inaondoka zake. Hapo aliishi mzee mmoja aliyekuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini. Alikuwa amestaafu, lakini utaratibu wa reli haukumtoka. Chai saa moja kamili. Redio saa saba kamili. Na kanuni moja aliyoipenda kuliko zote: njia ni moja, kwa hiyo treni ya pili haitoki mpaka ya kwanza iwe imefika. Kwa kanuni hiyo hakuwahi kugonganisha treni hata siku moja, na tumpe heshima yake.

Mzee alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume. Kijana alipata nafasi ya kusomea uhandisi Urusi, akaenda, akaoa huko huko, na mwaka wa tano akaugua akafariki. Alizikwa huko. Kilichorudi nyumbani ni sanduku la nguo na vitabu. Wazazi wale hawakupata hata kaburi la kupalilia.

Baada ya wiki chache ikaja barua. Mzee akaifungua, akakuta mwandiko mzuri wa kike, na hakuelewa hata neno moja. Kirusi kitupu. Akajua ni mkwe wake ameandika.

Mkewe akasema, "Si umpelekee yule daktari wa wilayani? Yeye alisoma huko. Atatusomea leo hii."

"Habari za mwanangu hazinifikii mimi zikiwa zimeshapita kwa mtu baki," mzee akajibu. "Nitaisoma mwenyewe."

Akalifungua sanduku la marehemu, akatoa kamusi na kitabu cha kujifunzia Kirusi, kile cha watu wanaoanza kabisa. Akavaa miwani, akaketi.

Msicheke, ndugu zangu. Mtu ana miaka sitini na minane, anaanza upya herufi kama mtoto wa darasa la kwanza, tena herufi thelathini na tatu. Nyingine alizifahamu kwa sura lakini zilikuwa zimebadili tabia. P wanaisoma R. H wanaisoma N. Pembeni mwa ukurasa huo kijana wake alikuwa ameandika kwa penseli: "Nikimwambia baba hili hataamini." Mzee alipofika hapo alifunga kitabu, akalia. Kesho yake saa nne kamili akaendelea.

Baada ya miezi mitatu akawa anayasoma maneno ya kitabuni bila kusitasita. Akaichukua barua kwa kujiamini, akakwama mstari wa kwanza. Kumbe Warusi, herufi zao za mkono hazifanani na za kitabuni. Akajifunza hizo nazo. Kisha akawa analitafuta neno kwenye kamusi na halimo, maana maneno yao hubadilika mwisho kila yanapobadili kazi, na kamusi ina neno moja tu kati ya hayo yote. Kulikuwa na wiki alipata maneno mawili, akamshukuru Mungu. Na nadhani, ingawa hakulisema, hakuwa na haraka sana. Kila ukurasa ulikuwa na penseli ya mwanawe.

Katikati ya masomo hayo ikafika barua ya pili. Bahasha ya namna ile ile, mwandiko ule ule.

"Fungua basi," mkewe akasema. "Huenda ina picha."

"Treni ya pili haitoki mpaka ya kwanza iwe imefika, mama."

"Hii si treni, mzee wangu. Ni mtu anatuita."

Mzee akaitia ndani ya kopo la bati, akafunga kwa kufuli dogo, ufunguo mfukoni. Ikaja ya tatu, ikaingia koponi. Ikaja ya nne. Ikaja ya tano, nayo ikaenda kusubiri pamoja na zile nyingine. Mama wa watu aliacha kusema. Kila siku alilifuta vumbi lile kopo, akalirudisha mahali pake.

Mwaka mmoja na miezi minane, wapendwa. Siku moja ya mwezi wa nane mzee akamwita mkewe, akasimama kama yuko mbele ya bwana mkubwa wa reli, akamsomea barua ya kwanza yote kwa Kiswahili. Ilikuwa fupi. "Baba na mama. Mwanenu alikufa asubuhi, nilikuwa nimemshika mkono. Nina mimba yake. Nisameheni kwa kuandika Kirusi. Msihangaike kukijifunza. Nimeanza kujifunza Kiswahili."

Mzee akarudia mstari wa mwisho polepole, kama vile amekosea kutafsiri. Hakuwa amekosea. Akafungua kufuli, akaichana bahasha ya pili. Ilikuwa Kiswahili. Kiswahili cha kuokoteza, lakini Kiswahili. "Baba, mtoto yetu amezaliwa, ni mwanaume. Mimi nimempa jina yako." Ya tatu ilikuwa na picha, kama mama alivyosema. Ya nne ilikuwa imenyooka zaidi: "Anatembea. Naomba unijibu, hata neno moja." Ya tano haikuwa na kosa hata moja. "Baba, sitakusumbua tena. Nimefahamu kwamba hututaki. Mwezi wa tisa tunahamia mbali, kwa mama yangu. Ukitaka kutuandikia, andika kabla ya hapo."

Mama aliishika ile picha. Mzee aliandika siku ile ile, kwa Kirusi na kwa Kiswahili, akaipeleka posta kwa miguu.

Baada ya Krismasi barua yake ilirudi, haijafunguliwa, ikiwa na mhuri mwekundu.

"Wamesemaje?" mkewe akauliza.

Mzee akausoma ule mhuri. Hakuhitaji kamusi wala miwani. "Ameondoka," akasema. Ni karibu neno lile lile, "imeondoka", alilokuwa akiliandika kila siku katika daftari la stesheni, miaka thelathini.

Aliandika tena, ubalozini, chuoni, kila mahali. Msiniulize kama alijibiwa, kwa sababu sina jibu la kuwapa.

Sasa tujiulize sisi. Mzee yule alikuwa mvivu? Hapana. Hakuwapenda? Aliwapenda kweli. Alifanya kazi ngumu kuliko mtu yeyote pale stesheni, na wakati wote huo mtu aliyekuwa akimtafuta alikuwa ameshavuka milima yote na kuja upande wake, akiongea lugha yake, amefungiwa ndani ya kopo. Sisi tuna makopo mangapi? Mkeo anazungumza nawe leo kwa upole, wewe unamwambia ngoja kwanza tumalize lile la mwaka juzi. Mwanao amejifunza lugha yako ya kuomba radhi, ameijifunza kwa taabu, wewe bado uko kwenye kosa la kwanza na kamusi mkononi. Na Mungu je? Tunajitesa kutafuta maneno makubwa ya kumfikia, tunasema nitarudi kanisani nikishajua kusali vizuri. Nani alikuambia anakusubiri ujue? Yeye ndiye aliyeshuka akajifunza lugha ya kwetu, akalia kama sisi, akala ugali wetu, akatuita kwa majina ya nyumbani.

Ufunguo uko mfukoni mwako, ndugu yangu, na mwezi wa tisa hausubiri mtu amalize kitabu. Ukitoka hapa mchana huu, nenda nyumbani ufungue kopo, na uanze na barua ya juu.