Hodi ya Kereng'ende

Tulieni niwape ya Mize. Alikata miti yote iliyoitia chemchemi kivuli, apate pa kupanda mihogo. Alasiri akasikia mlangoni, "Hodi." Akachungulia, akamwona kereng'ende mwembamba wa buluu, mbawa kazikunja mgongoni. Mwenye maji huyo, akawaza, amekuja kunigombeza. Akanyamaza.

"Hodi." Kimya.

"Hodi." Kimya.

Na hodi ya tatu isipoitikiwa, mgeni huenda zake. Kereng'ende akaenda, na maji yakamfuata.

Asubuhi Mize alikuta tope tupu chemchemini. "Hodi," akaita, mtungi mkononi. Akangoja. "Hodi." Jua likamchoma utosini. Ya tatu ikamkwama kooni, maana akiisema asijibiwe, itambidi aondoke.

Mpaka leo hajaisema.