Moto na Ngwe ya Kobe

Nikisema paukwa, semeni pakawa.

Paukwa!

Pakawa.

Pakawa kilima, chini ya kilima pakawa nyika, na nyikani pakawa moto uliokuja kila mwaka bila kualikwa. Wadogo kaeni mbele. Wakubwa msisukumane.

Hapo zamani za kale, wanyama wa kilima kimoja walikuwa na kazi moja kubwa kila kiangazi. Walifyeka ukanda wa kuzunguka kilima chao chote. Waling'oa majani mpaka udongo ukabaki mtupu, ili moto wa nyikani ukifika hapo ukose cha kula.

Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa Punda Milia. Alichaguliwa kwa sababu ya mistari. Wanyama walisema kwamba aliyezaliwa na mistari mgongoni hawezi kushindwa kupima.

Na kweli alipima. Kila mnyama alipewa ngwe yake ya kufyeka, na ngwe zote zilikuwa sawa. Ngwe ya Tembo ilikuwa sawa na ya Ngiri, na ya Ngiri ilikuwa sawa na ya Kobe. Hakuna aliyependelewa.

Tena palikuwa na mwiko. Mtu haingii katika ngwe ya mwenzake. Ukiingia, umemwita mvivu mbele za watu, na watoto wake watachekwa mtoni.

Mwaka wa kwanza, Tembo alimaliza ngwe yake kabla jua halijawa kali. Akajimwagia vumbi, akalala. Ngiri alimaliza mchana, akalala. Kobe alikata jani, akapumzika, akakata jani. Jua lilipozama, alikuwa amesafisha mahali pa kumtosha yeye mwenyewe kukaa.

Moto ukaja. Ukapita kwenye ngwe ya Kobe, ukapanda kilima.

Juu ya kilima, katika kichaka, aliishi Mama Digidigi na mtoto wake mchanga. Mama alitokea upande wa pili wa moshi. Mtoto hakutokea.

Punda Milia akaitisha mkutano. Mkutano ukaamua kwamba mwakani Kobe aanze mapema. Kobe akakubali.

"Bwana Kobe," Tembo akamwambia, "wewe hufyeki nyasi. Wewe unazibembeleza."

Wakacheka, wakatawanyika.

Mwaka wa pili, Kobe alianza mapema. Alianza mapema mno, hata alipofika katikati, majani yalikuwa yameshaota tena kule alikoanzia. Moto ukaja. Ukapita kwenye ngwe ya Kobe, ukapanda kilima, ukala kichaka cha Mama Digidigi. Mwaka huo hakuwa na mtoto wa kupoteza.

Mkutano ukaitishwa. Mara hii wakasema labda ngwe hazikuwa sawa. Punda Milia akazipima upya zote. Zilikuwa sawa. Alifurahi sana.

Mwaka wa tatu, Mama Digidigi alijifungua tena, kiangazi kikiwa kimeshaingia. Mtoto alikuwa na miguu kama njiti, hajui hata kusimama. Upepo ukaleta harufu ya moshi kutoka mbali. Mama akamficha mtoto majanini, akashuka mpaka kwa Punda Milia. Akamkuta ananyoosha kamba ya kupimia, na wanyama wote wamemzunguka wakisubiri.

"Shikamoo, Mzee Milia."

"Marahaba, mama mzazi. Ngwe yako ile pale. Ni sawa na ya wengine."

"Moto huwa unapita wapi, mzee?"

"Kwa Kobe."

"Na ukifika, huuliza ngwe ni ya nani?"

Punda Milia akafikiri. Akasema moto hauna adabu hiyo.

"Basi nina ombi," Mama Digidigi akasema. "Mila yetu unaijua. Mzazi ambaye arobaini yake haijafika hanyimwi anachoomba, na shamba lake hulimwa na wote."

"Ndivyo ilivyo. Omba, mama."

"Naomba ngwe."

"Ipi?"

"Zote."

Wanyama wakatazamana.

"Nimeona wajawazito wakitamani udongo, shemeji," Tembo akasema, "lakini si udongo wa kuzunguka kilima kizima."

Lakini mila ni mila. Punda Milia akakunja kamba yake. Ukanda wote ukawa ngwe moja, ngwe ya Mama Digidigi. Na kwa kuwa ilikuwa ya mzazi, kila mtu aliweza kuingia popote bila kumtukana yeyote.

Mama Digidigi akamwomba Punda Milia aangalie nyikani, aseme moshi uko karibu upande gani, ili waanzie huko. Tembo akapewa vichaka, popote vilipo. Ngiri akapewa visiki na mizizi. Wadogo wakapewa majani. Tembo akauliza yeye atamaliza saa ngapi, kwa sababu amezoea kulala.

"Utamaliza tukimaliza sote, shemeji."

Kobe alikuwa pembeni, kichwa kiko ndani ya gamba, anasubiri kuchekwa.

"Kaka Kobe, wewe upite nyuma yao, taratibu kama kawaida yako. Kitakachokuchoma tumbo ndicho walichokisahau, useme."

Kobe akatoa kichwa. Tangu azaliwe, hakuna aliyewahi kumwomba aende taratibu.

Akaenda. Akasema, "Hapa." Ngiri akarudi. Akasema, "Na hapa." Wadogo wakarudi. Akasema, "Na hapa pia." Tembo akarudi, akinung'unika kwamba tumbo la Kobe linadeka kama mwali. Lakini alirudi, akang'oa.

Moto ukaja. Haukupoteza muda. Ulikwenda moja kwa moja kwenye ngwe ya Kobe, kama mgeni anayejua mlango ulipo. Ukatoa ulimi, ukalamba udongo. Ukajaribu kwa Ngiri, ukalamba udongo. Ukajaribu kwa Tembo, ukalamba udongo. Ukafa kwa njaa.

Juu kilimani, mtoto wa Digidigi alikuwa anajaribu kusimama. Akaanguka. Akajaribu tena. Hakuna aliyemharakisha.

Tangu mwaka huo, kiangazi kikiingia, Punda Milia hatafuti kamba kwanza. Anauliza nani amejifungua.

Basi, wenzangu, fundisho ni hili: msimamizi asiwapimie watu kazi kwa kamba, awapimie kwa uwezo wao. Na usijisifu umemaliza ngwe yako ikiwa ya jirani bado ina majani, kwa maana moto utakaopita kwake utakuja kulala kwako.

Hadithi yangu imefika mwisho wa ngwe. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni nimalizie mwenyewe.