Tabora Ni Kubwa

"Naleta hadithi, mpo?"

"Tupo, ilete!"

"Ije ikitembea?"

"Ije ikiruka!"

Basi hapo kale, Bi Mjusi wa Kigoma alipata habari kuwa bintiye anaolewa Tanga, tena kwa kenge, watu wenye nafasi zao. Akakusanya kumbikumbi, akawakaanga, akajaza kikapu. Kufika mikono mitupu mbele ya wakwe, tena kenge, aibu hiyo hakutaka hata kuiota.

Kigoma hadi Tanga ni mbali. Kwa miguu ya mjusi, angefika bintiye ana wajukuu. Wa kumvusha alikuwa mmoja tu, Tai, na Tai alikuwa na nauli yake: kila saa moja angani, konzi moja ya chakula cha abiria. Konzi ya Tai hiyo, si ya mtoto. Na mwenye kuhesabu saa ni Tai mwenyewe. Panya aliwahi kusafiri naye na kikapu cha karanga, akafika na kifuniko.

Bi Mjusi akapanda mgongoni. Papapa! Papapa! Wakaruka.

"Bwana Tai, hapa wapi?"

"Tabora."

Chini mwanamke alikuwa anaanika kanga nyekundu. Tai akapeleka ukucha nyuma, akachota konzi. Kachu, kachu, kachu.

Papapa! Papapa!

"Bwana Tai, hapa wapi?"

"Tabora."

"Bado?"

"Tabora ni kubwa, bibie."

Chini mwanamke yule yule alikuwa anaigeuza kanga yake upande wa pili. Tai akachota. Kachu, kachu, kachu.

Papapa! Papapa!

"Bwana Tai, hapa pia Tabora?"

"Bi Mjusi, wewe si mwenyeji wa huku."

Chini kanga ilikuwa inaanuliwa. Kachu, kachu, kachu.

Bi Mjusi akachungulia kikapu. Kilikuwa kimefika nusu. Akataka kulia, maana aliwaona wakwe wakikiinua na kutazamana. Akakifunika, akasema taratibu, "Haidhuru. Nakusikitikia wewe tu, utaikosa karamu."

"Karamu gani?"

"Ya kumbikumbi wa kukaanga. Tukiwahi Tanga, tutakuwa nayo. Tukikawia, itakuwa imekwisha."

"Imekwisha kabisa?"

"Hata bawa hutaliona."

Tai akakaza mabawa. Akanyoosha shingo. Fyuuu! Dodoma ikapita. Fyuuu! Korogwe ikapita, wala hakukumbuka konzi. Puu! Wakatua Tanga, na kule Tabora kanga ilikuwa bado haijakunjwa.

Bi Mjusi akashuka, akawakabidhi wakwe kikapu. Vigelegele! Tai akatazama huku, akatazama kule.

"Karamu iko wapi?"

"Si ndiyo hiyo," akasema Bi Mjusi, akionyesha kikapu. "Tumewahi, ipo. Ungezunguka Tabora mara nyingine, ungeimaliza mwenyewe."

"Basi nipe! Na saa za njiani je?"

"Saa gani, Bwana Tai? Kama Tabora peke yake ni kubwa vile, basi kutoka Tabora hadi hapa tumeruka kufumba na kufumbua, hata saa moja haikutimia."

Tai akainua ukucha. Wakwe wote, kenge kwa kenge, wakaacha kutafuna wakamtazama. Tai akaushusha ukucha, akajikuna nao shingo.

"Harusi nzuri," akasema, akaondoka na njaa yake.

Hadithi hii inatufundisha kuwa abiria mwema hamsemeshi rubani. Akiambiwa Tabora ni kubwa, anakubali na kulala.

Yangu imetua hapo. Anayetaka iruke tena, apande mwenyewe, na kikapu chake akikalie.