Mwasmini wa Bi Mize

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni sauti ya watoto peke yao. Watu wazima mmeazimisha midomo? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa tunakwenda. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga kwa mawe na chokaa, palikuwa na pimbi mmoja akiitwa Somoe. Alikaa na mama yake, Bi Mize, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba yake. Nyumba ilikuwa kongwe. Kuta nene, boriti nyeusi, madirisha madogo. Na nje ya dirisha la Bi Mize palikuwa na mwasmini, mti wa maua ya asumini. Marehemu aliupanda mwenyewe wiki ile ya harusi yao, ukutani kabisa, ili mkewe alale akisikia harufu.

Kila asubuhi Bi Mize aliumwagilia. Chwaa, maji. Akauzolea udongo, akaupa samadi, akauambia habari za nyumbani: nani kaoa, nani kagombana na nani. Majirani walizoea. Hawakumcheka, maana kila mtu ana pake pa kuwekea huzuni.

Sasa sikilizeni. Mwaka mmoja, ukutani chumbani kwa Bi Mize, pakatokea doa. Doa dogo, kiasi cha sahani. Somoe akaligusa, akakuta bichi. Na mama akaanza kukohoa kila alfajiri, koho, koho.

Sikukuu ilikuwa karibu, na katika mji ule kila sikukuu nyumba hupakwa chokaa, wageni wasipate la kusema. Somoe akapaka. Ukuta ukawa mweupe pe. Wageni wakala, wakasifu, wakaenda zao. Ukuta ulinyamaza. Maji hayakunyamaza.

Mwaka wa pili doa likawa kama sinia, na katikati yake pana ufa. Somoe akaziba ufa, akapaka chokaa, akatundika mkeka mpya juu yake. Ukuta ulinyamaza. Maji hayakunyamaza.

Mwaka wa tatu chokaa ikamomonyoka yenyewe, tifu, tifu, ikaanguka kitandani. Bi Mize sasa alikohoa mpaka akajishika ubavu. Somoe akamwita Ngedere. Ngedere alikuwa fundi, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Akagonga ukuta, akacheka, akasema chokaa ni mambo ya mababu, siku hizi ni saruji. Akapiga lipu ya saruji toka chini hadi juu, akailainisha, ikang'aa. Somoe akafurahi. Tusimwonee, jamani, alimpenda mama yake. Anayeuguza mtu hupenda kuambiwa kwamba ugonjwa umekwisha.

Masika yakaingia. Ukuta ulikuwa mkavu ukiutazama, lakini huko juu boriti ikaanza kulia. Kwiii. Siku moja Somoe alikuwa akimpelekea mama yake uji, kipande cha dari kikashuka, puu, kando ya mto wa kulalia. Kando tu. Bi Mize akasema hakuumia, lakini uji hakuugusa, na Somoe aliliona hilo.

Akaleta ngazi, akapanda. Ncha ya boriti, pale ilipoingia ukutani, ilikuwa laini kama muhogo uliochemshwa. Ndani yake wamejaa mchwa. Somoe akawaambia watoke, wanamlia mama yake nyumba. Mchwa mmoja mzee akamjibu bila haraka.

"Boriti kavu hutushinda, binti. Sisi tumefuata maji. Zamani ukuta huu ulikuwa ukinywa, kisha unatoa jasho, unakauka. Mmeuvika saruji, maji hayana pa kutokea, yamepanda mpaka huku. Ukitaka tuondoke, ifuate njia yetu, ujue maji yanatoka wapi."

Somoe akaifuata ile njia ya udongo waliyoijenga mchwa. Ikashuka pembeni mwa ukuta, ikapenya chini ya sakafu, ikatokea nje. Akazunguka nyuma ya nyumba. Njia iliishia kwenye shina la mwasmini.

Pale udongo ulikuwa umepanda. Samadi ya miaka yote ilikuwa imefunika msingi, ikaegemea ukuta, na kila asubuhi chwaa, maji. Bi Mize alikuwa akiunywesha mti na ukuta pamoja.

Somoe akakaa chini. Sasa alijua, na kujua kukamlemea. Atamwambiaje mama? Mume alikwenda, ukabaki mti. Na mti nao auondoe? Lakini akifyata mdomo, masika haya haya dari itashuka, na safari hii haitaangukia kando. Akaenda mlangoni, akarudi. Akaenda, akarudi. Mwisho akaingia chumbani, akaketi miguuni pa mama yake, akasema yote bila kuyapamba.

Bi Mize akageuka, akautazama ukuta. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"La mti nimelijua leo, mama. Lakini doa nimelificha siku nyingi. Niliogopa kukusumbua."

"Na mimi boriti nimeisikia inalia, nikanyamaza, nisikuharibie furaha ya ukuta wako." Bi Mize akacheka kidogo, kicheko kikageuka kikohozi. Akafuta macho. "Babako aliupanda ule mti ili nilale vizuri, mwanangu. Hakuupanda uniue. Nipe mkono tutoke. Jembe nitalishika mimi kwanza."

Akalishika. Alilima huku analia, wala hakujificha. Wakaung'oa mwasmini na udongo wake, wakauhamishia mwisho wa kiwanja, mbali na ukuta. Ngedere akaitwa, na safari hii hakucheka. Kwanza akatia gadi, nguzo nene za kuishikilia dari, ndipo akatoa boriti mbovu akaweka nzima. Udongo ukachotwa hadi mawe ya msingi yakaonekana. Saruji ikabanduliwa, pa, pa, pa. Kisha wakangoja. Kungoja huko kulimtesa Ngedere kuliko kazi. Ukuta ukaachwa uchi mpaka kiangazi kikaukausha, na Bi Mize akalala chumbani kwa binti yake. Ulipokauka hasa, ndipo wakaupaka chokaa.

Mwasmini ulipukutisha majani yote. Bi Mize akaumwagilia hivyo hivyo, akauambia habari.

Siku ikafika, Bi Mize akarudi chumbani mwake. Asubuhi yake Somoe aliamka, akatega sikio. Kimya. Akangoja kikohozi. Kimya. Akakimbia, akasukuma mlango, akainama juu ya kitanda. Bi Mize alikuwa amelala mdomo wazi, akikoroma polepole, na jua limeshamfika miguuni. Somoe akakaa sakafuni, akalia kwa furaha, taratibu, asimwamshe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na walisema kweli. Lakini Somoe aliuziba, na bado dari nusura imwangukie mama yake. Kabla ya kuziba ufa, uliza umetoka wapi. Na umpendaye usimfiche doa. Mwambie mapema, naye akwambie, maana la kufichana hata likiwa la mapenzi huozesha boriti.

Hadithi yangu imeishia hapo. Mwenye nyumba kongwe azunguke nyuma akatazame.