Kelele za Maabara ya Antena

Mhandisi alikuwa hakaliki. Aliketi, akasimama, akachungulia skrini, akaketi tena kama aliyekalia upupu. Zilibaki siku mbili atetee tasnifu yake ya uzamivu, na mashine aliyoifunza kwa miaka mitatu kutambua mawimbi hafifu ya simu za dharura ilikuwa inavurunda. Kila alipoijaribu katika maabara ya taasisi yao, mstari wa skrini ambao ungepaswa kutulia ulitetemeka kwa kelele za umeme zisizojulikana zitokako. Mawimbi yakazama humo, mashine ikabaki kukisia ovyo. Maji yalikuwa yamemfika shingoni.

Mwenye shida hakosi wa kumlaumu. Alianza na ofisi ya jirani, wakamzimia feni zao. Akawaendea walinzi, nao wakazima redio. Wapi! Mwishowe akamgeukia fundi wa maabara, mtu mzima, mpole, aliyezifunga antena za humo kwa mikono yake na ambaye mkataba wake ulikuwa ukingoni. Mhandisi alipekua vipimo vya mwezi mzima, akaona kwamba katika kila kipimo chenye kelele fundi alikuwemo chumbani. Basi, mchawi kapatikana! Akajifungia na mkurugenzi, akamweleza kuwa fundi amefunga nyaya kishaghalabaghala. Mkurugenzi, ambaye naye roho ilikuwa juu juu kwa ajili ya utetezi huo, akakubali kutousaini mkataba mpya.

Habari zilipomfikia fundi, hakupayuka. Alimwomba mkurugenzi waende naye maabara.

"Dada," fundi alimuuliza Mhandisi waliyemkuta humo, "vipimo vyote hivi ulivichukua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kazi hii simwachii mtu."

"Basi hatujawahi kupima ukiwa hupo. Hebu toka kidogo."

Mhandisi alifura kwa hasira, lakini alitoka, akasimama kwenye korido akitazama kupitia kioo. Mstari ukatulia. Akaitwa arudi, hatua ya tatu tu, ukaanza kutetemeka. Fundi akamwambia avue koti, akalipeleka nje. Mstari ukatulia tena. Mhandisi alilifuata koti lake, akapekua mifuko, akatoa betri ya kuchajia simu, ya bei ya chee, ambayo hakuwa akiizima kutwa. Ndiyo iliyokuwa ikimwagia maabara kelele mwezi mzima.

Aibu ilimvaa mwili mzima. Akalia.

"Nisamehe, kaka. Nimekupaka matope bure."

"Nimekusamehe. Lakini uliyoyasema mlango umefungwa, kayaseme na mlango ukiwa wazi."

Mkurugenzi aliusaini mkataba siku hiyohiyo. Mhandisi na fundi walikesha wakirudia vipimo vya lazima, na safari hii mashine haikukosea ila mara chache. Siku ya utetezi, kabla ya mchoro wowote, Mhandisi alilionyesha jopo picha ya betri ile, akamwomba fundi asimame, akakiri mbele ya watu wote kwamba alikaribia kumnyima riziki mtu asiye na hatia. Alikuwa amemtafuta adui yake katika kila chumba cha jengo lile, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.