Perere na Moto Unaotoroka

Haya, sogeeni. Wewe uliye mlangoni, hebu funga huo mlango, baridi inaingia, na leo sina nguvu ya kusema jambo mara mbili.

Hapo zamani za kale, huko milimani kwenye ukungu, wanyama walikuwa na nyumba kama zetu: kuta za miti na udongo, paa la nyasi, mafiga matatu katikati. Na walikuwa na jambo lao moja la ajabu. Heshima ya nyumba waliipima kwa moshi.

Ndiyo, moshi! Asubuhi mtu akitoka nje, kabla hajamsalimu jirani, alitazama kwanza paa lake. Moshi ukiwa mwingi, alisalimia kwa adabu. Ukiwa kidogo, alicheka.

Mwenye moshi mwingi kuliko wote alikuwa Tembo, mkuu wa kijiji. Wa pili alikuwa jirani yake Nyati, ambaye moshi wa Tembo ulimkosesha raha. Mioto yao iliwaka kutwa, vuuu! hata kama hakuna chungu jikoni. Kuta zao zilikuwa na nyufa za kupitisha mkono. Upepo ukiingia huku, joto linatokea kule, nao wanaongeza kuni.

Na kuni alileta nani? Alileta Perere.

Perere ni mnyama mdogo, hana hata mkia, anakaa kwenye pango la mti. Kila siku alibeba mizigo mitatu: mmoja kwa Tembo, mmoja kwa Nyati, na mmoja tena kwa Tembo ili asipitwe na Nyati. Shingo yake ilikuwa imezama mabegani. Msicheke. Mimi nimebeba kuni miaka arobaini, shingo hiyo naijua.

Basi msitu ukaisha kidogo kidogo, mpaka ukabaki mti mmoja tu, mkuyu mkubwa juu ya kilima. Pango la Perere lilikuwa humo.

Siku hiyo Perere akatua mzigo uani kwa Tembo. Puu!

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Perere, Ijumaa naenda kuuangusha ule mkuyu."

"Mzee! Si ndimo ninamolala?"

"Utapata pengine. Moshi wangu umepungua, jana Nyati kanicheka mbele ya watu."

Ndani ya nyumba mama yake Tembo, ajuza wa watu, alikuwa anakohoa. Kho! Kho! Kho!

"Mzee, nimeshakuambia mara mbili, na hii ya tatu," Perere akasema. "Kandika kuta, uzibe hizo nyufa. Yazungushie mafiga udongo ili moto usitawanyike. Funika chungu. Nusu ya kuni hizi huna haja nazo."

"Nikandike ukuta kama fukara anayeogopa upepo? Ha! Ha! Haaa!"

Perere akaenda zake. Alifika kwenye mkuyu wake akakaa chini, kidevu juu ya magoti. Alikuwa amechoka hata kulia hawezi. Akawaza: hawa hawaogopi baridi. Hawaogopi msitu kwisha. Sasa wanaogopa nini?

Wanaogopa kuchekwa.

Jioni ile akaloweka maharage. Alfajiri akawasha moto mdogo kwenye jiko lake la udongo chini ya mkuyu, kuni tatu tu, akafunika chungu. Maharage yalipochemka vizuri akakiepua, akakizungushia blanketi kuukuu, akakizamisha kwenye kapu lililojaa nyasi kavu, akajaza nyasi nyingine juu. Kisha akazima moto, akashuka kijijini mikono mitupu.

Aliwakuta Tembo na Nyati uani kwa Tembo. Akatazama paa la Tembo, akatikisa kichwa.

"Pole, mzee wangu."

"Pole ya nini?"

"Ah, basi tu. Sitaki kukuvunjia heshima."

"Sema!"

"Ule moshi, mzee. Moshi si ni moto unaotoroka? Moto ukipendana na mwenye nyumba, unakaa ndani. Huu wako unakukimbia mchana kweupe, kijiji kizima kinatazama."

Masikio ya Tembo yakaanguka. Nyati akapasuka kwa kicheko. "Kwa! Kwa! Kwaaa!"

"Na wako, Bwana Nyati," akasema Perere kwa upole, "unatokea hata kwenye nyufa. Haukusubiri kufika paani."

Nyati akafunga mdomo. Pu!

"Na wako wewe?" akanguruma Tembo.

"Wangu umetulia. Umelala kapuni, unanipikia maharage."

"Kapuni! Mwongo mkubwa!"

"Karibuni adhuhuri, mle."

Adhuhuri wakaja. Tembo akatia mkonga kwenye jivu: baridi. Akatazama juu: hakuna moshi hata uzi. Perere akaingiza mikono kapuni, akatoa chungu, akafunua. Pwaaa! Mvuke ukawapiga usoni. Wakala maharage laini, ya moto, wakaramba na chungu.

"Huo moto wa kapuni nautaka," akasema Tembo.

"Hata mimi!" akasema Nyati.

"Ni moto wenye haya, wazee wangu. Kwenye nyumba yenye nyufa hauji. Mafiga yaliyo wazi hauyataki. Chungu lazima kifunikwe. Na msiulishe zaidi ya kuni tatu, utavimbiwa utoroke. Kisha tengenezeni kapu kama langu, msubiri."

Loo! Mngewaona! Tembo alichota udongo kwa mkonga, bwa! bwa! Nyati akakanyaga tope kwa kwato nne. Walikandika mpaka jua likazama, na kesho yake wakarudia. Kila mmoja alichungulia paa la mwenzake, safari hii akiomba mwenzake ndiye awe na moshi mwingi.

Ijumaa ikafika. Perere akaona Tembo anapanda kilima, shoka begani. Moyo wake ukafanya tu! tu! tu! Lakini hakukimbia, akasimama kando ya kapu lake.

"Nimekandika. Nimefunika. Nimesubiri siku mbili!" Tembo akafoka. "Maharage yanaiva, sawa, lakini huo moto kwenye kapu langu sijauona. Nionyeshe wako, au mti unaanguka sasa hivi!"

Akalinyakua kapu, akalipindua. Zikaanguka nyasi. Likaanguka blanketi.

"Hamna kitu humu!"

"Hamna. Ni joto la chungu tu, halina pa kutokea."

"Umenidanganya!"

"Nimekudanganya, mzee. Ukweli nilikuambia mara tatu, ukacheka. Uongo nimekuambia mara moja, ukakandika nyumba nzima."

Tembo akainua shoka. Perere hakusogea, akauegemeza mgongo kwenye shina.

"Kabla hujakata, nijibu. Nyumbani kwako leo kuna baridi?"

"Hakuna," akasema Tembo.

"Na mama anakohoa?"

Shoka likashuka kidogo. "Jana alilala mpaka asubuhi. Nilidhani amekufa, nikaenda kumtikisa."

"Na kuni?"

"Ule mzigo wako wa mwisho bado upo."

"Basi shoka la nini, mzee wangu?"

Tembo akatua shoka. Akaokota blanketi, akalikung'uta, akamrudishia.

"Nyati asijue," akanong'ona.

"Hatajua."

Tembo akashuka na shoka lake. Perere akapanda kwenye pango, akalaza ile shingo yake, akalala siku mbili mfululizo. Hakuna aliyekuja kumwamsha aende kutafuta kuni.

Hadithi yangu imefika mwisho, na funzo lake ni hili: nyumba inayovujisha joto, kuna mgongo wa mtu unaoumia ili ipate moto.

Na wewe wa mlangoni, mlango bado uko wazi.