Mkono wa Jost

Nisameheni mapema: mfano huu ni wa huzuni, na mimi Mungu alinipa uso wa kuchekesha. Nitauharibu tu. Vumilieni.

Mtu mmoja wa milima ya Uswisi, zama za mababu, alikuwa na biashara ya vitambaa vya maua na mke aitwaye Verena. Jost, ndilo jina lake, alizunguka na marobota yake bandari hadi bandari miaka ishirini. Aliporudi, kichwa kimeshaingia mvi, watu wa bondeni wakamfanya kiongozi wao. Basi yeye akakaa bondeni, ofisini. Verena akakaa juu mlimani na ng'ombe na jibini. Dirishani Jost aliuona moshi wa jiko la Verena. Baraza likijadili barabara, masikio yake yako huko juu, anasikia mwiko ukikwangua sufuria. Kumbe ni karani anajikuna kichwa.

Kwa desturi yao uongozi ulikuwa wa mwaka mmoja. Kila theluji ikiyeyuka, wanaume walikusanyika uwanjani wakachagua kwa kunyoosha mikono. Mwaka wake ulipokwisha, Jost alivua kofia, akaomba aachiwe aende kwake. Alilia, na machozi yalikuwa ya kweli. Alikuwa ameshampelekea Verena salamu aongeze viazi sufuriani.

Msimamizi wa mkutano akauliza nani bado anamtaka Jost. Ikanyooka mikono michache, mmoja huku, mmoja kule. Watu walikuwa wamemhurumia. Jost akatazama. Fundi viatu, mkono chini. Binamu yake wa damu, mikono mifukoni! Kitu kikamchoma kifuani, na kabla hajajijua, mkono wake mwenyewe ulikuwa juu.

"We Jost," jirani yake akaangua kicheko, "si ulikuwa unalia hapa sasa hivi? Huo mkono wa nani?"

Uwanja mzima ukacheka. Kisha wakaona aibu kumwacha mtu mzima na mkono hewani, ikapanda mikono yote. Kengele ikapigwa. Jost akaingia ofisini, akafunga mlango, akamwandikia Verena: "Mke wangu, watu wamekataa kuniachia."

Niambieni, nani alikataa? Naona mnacheka. Basi msimcheke Jost. Nichekeni mimi, niliyetumwa chumvi na mke wangu saa nne asubuhi, na saa nane hii bado nimesimama hapa nafundisha watu kurudi nyumbani.